Leza au redio: ukitaka kuongea na chombo kilicho mbali angani, ushike ipi?

Tuanze na jambo linalowapotosha wengi: leza haifiki mapema kuliko redio. Zote mbili ni mawimbi ya jamii moja, na kwenye anga tupu zote hukimbia kilomita 300,000 hivi kwa sekunde. Mirihi ikiwa karibu nasi, ujumbe huchukua kama dakika 3 kufika. Ikiwa ng'ambo ya Jua, huchukua kama dakika 22. Dakika hizo hakuna mtambo unaozipunguza.

Klabu ya sayansi ninayoilea hapa Mtwara ina fedha ya mradi mmoja tu, na vijana wamegawanyika. Kundi moja linataka leza kwa sababu ndiyo habari ya mjini, jingine linataka redio. Binti mmoja wa kundi la redio aliuliza, "Sasa mwalimu, kama mwendo ni mmoja, hao wanaohangaika na leza wanatafuta nini?" Hilo ndilo swali la kuanzia. Jibu lake ni mzigo: kiasi cha data kinachopita kwa sekunde moja. Mengine yote, mazuri na mabaya, yanatokana na namna leza inavyoupata uwezo huo wa kubeba.

Msimamo wangu nausema mapema ili msinivizie. Nikilazimishwa kukipa chombo njia moja tu ya mawasiliano, nakipa redio. Nikiruhusiwa mbili, leza siiachi.

Mzigo

Kupima ni rahisi: faili la GB 1 (yaani megabiti 8,000), ukubwa wa filamu moja ya simu, linashuka kwa muda gani? Nimepiga hesabu kwa kasi ambazo vyombo vimezifikia kweli, nikichukulia kwamba hakuna kinachokatika njiani. Vyombo vyote ni vya NASA, shirika la anga la Marekani: LADEE ilizunguka Mwezi, Psyche iko safarini kwenda kwenye asteroidi (gimba dogo linalozunguka Jua), na Mars Reconnaissance Orbiter huzunguka Mirihi.

| Chombo | Njia | Umbali | Kasi kwa sekunde | GB 1 inashuka kwa |
|---|---|---|---|---|
| LADEE, 2013 | leza | Mwezini, km 385,000 hivi | megabiti 622 | sekunde 13 |
| Psyche, Desemba 2023 | leza | km milioni 31 | megabiti 267 | sekunde 30 |
| Psyche, Aprili 2024 | leza | km milioni 226 | megabiti 25 | dakika 5 na ushee |
| Mars Reconnaissance Orbiter | redio | Mirihi, mambo yakiwa mazuri | megabiti 6 | dakika 22 |
| New Horizons, baada ya Pluto | redio | km bilioni 5 hivi | kilobiti 2 | siku 46 |
| Voyager 1 | redio | zaidi ya km bilioni 24 | biti 160 | mwaka na miezi 7 |

Jedwali hili lina uonevu ndani yake, na anayetetea redio ana haki ya kulalamika. Voyager 1 iliondoka duniani Septemba 1977, na iko mahali ambapo leza haijawahi kujaribiwa. Rekodi ya leza ni kilomita milioni 494, iliyowekwa na Psyche tarehe 3 Desemba 2024. Umbali wa Voyager 1 unazidi huo karibu mara 50. Ukitaka haki, linganisha mstari wa tatu na wa nne, maana vyombo hivyo viwili viko katika umbali wa aina moja. Halafu angalia kila kimoja kimebeba nini. Ile ya Mirihi ina dishi la upana wa mita 3 na inarusha kwa wati 100. Mtambo wa leza ulio juu ya Psyche una darubini ya sentimita 22 na leza ya wati 4. Kifaa kidogo, umeme kidogo, na bado mzigo ni mkubwa mara nne. NASA wenyewe husema leza inaweza kubeba mara 10 hadi 100 ya redio ya sasa ya ukubwa unaofanana.

Kuna jambo jingine kwenye mistari miwili ya Psyche. Kutoka kilomita milioni 31 hadi 226, umbali uliongezeka mara 7 na kidogo. Mwanga hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali, kwa hiyo tungetarajia kasi ianguke zaidi ya mara 50. Ilianguka kama mara 11 tu. Sababu ni kwamba megabiti 267 zilikuwa kikomo cha mtambo wenyewe: karibu na Dunia mwanga ulikuwa unabaki bila kazi. Lengo la wahandisi kwa umbali ule wa mbali lilikuwa megabiti 1, wakapata 25.

Ule mzigo wa Desemba 2023 ulikuwa video ya sekunde 15 ya paka wa rangi ya chungwa aitwaye Taters, akifukuza kidoa cha leza kwenye kochi. Ilipakiwa ndani ya chombo kabla hakijaruka tarehe 13 Oktoba 2023, ikatumwa kurudi duniani, na mwanga wake ukasafiri sekunde 101. Baada ya kupokelewa kwenye darubini ya Palomar, California, ilipelekwa kwa intaneti ya kawaida hadi JPL, maabara ya NASA, na wahandisi wakasema kipande hicho cha intaneti kilikuwa na kasi ndogo kuliko kile kilichotoka angani. Nilipowasimulia vijana walicheka sana, maana bando la hapa wanalijua.

Upande wa redio, chukua New Horizons. Ilipita Pluto tarehe 14 Julai 2015, ikakusanya picha na vipimo kwa siku chache, kisha ikakaa inavituma tone kwa tone. Kipande cha mwisho kilifika tarehe 25 Oktoba 2016. Miezi 15 ya kusubiri mzigo ambao unaingia wote kwenye kadi ndogo ya simu ya GB 8.

Leza inaupata wapi uwezo huo

Taa ya mvuvi wa dagaa humwaga mwanga pande zote, kurunzi huupeleka mahali pamoja. Redio ya angani nayo hulenga kwa dishi lake, lakini wimbi refu hutawanyika kuliko wimbi fupi hata ukilipitisha kwenye dishi kubwa. Hapa hesabu ya kidato cha tano inatosha: gawanya urefu wa wimbi kwa upana wa dishi au darubini, unapata pembe ya kutawanyika.

Redio inayotumika sana huko mbali ina urefu wa wimbi wa kama sentimita 3.6. Kwa dishi la mita 3, likiwa umbali wa kilomita milioni 225, mwale unapofika kwetu umepanuka zaidi ya kilomita milioni 2.5, karibu mara 200 ya upana wa Dunia nzima. Karibu nguvu yote inapita pembeni na kupotelea huko. Leza ya Psyche ina wimbi la nanomita 1,550. Kwa darubini ya sentimita 22 na umbali ule ule, duara lake duniani lina upana wa kilomita 1,600 hivi: kutoka Mtwara ukate moja kwa moja hadi Kampala na kupita kidogo. Wati 4 zilizomwagwa kwenye duara dogo hivyo zinafanya kazi ambayo redio ya wati 100 haifanyi.

Nanomita 1,550 ni mwanga usioonekana kwa macho, na si mgeni kwetu. Ni ukanda ule ule wa mwanga unaopita ndani ya mkongo wa taifa uliofika hadi Mtwara. Kila anayefungua video mjini hapa anatumia leza bila kujua. Tofauti ni kwamba leza ya mkongo ina uzi wa kioo wa kuiongoza, na ile ya Psyche haina chochote.

Ikishafika, imebaki mwanga hafifu mno. Kwenye Palomar, darubini ya Hale yenye kioo cha mita 5.1, iliyozinduliwa mwaka 1948 kwa ajili ya kutazama nyota, ilifungwa kifaa cha nyaya nyembamba zilizopoozwa hadi karibu nyuzi 272 chini ya sifuri. Kifaa hicho huhesabu chembe za mwanga moja moja na kuandika kila moja imeingia saa ngapi, kwa usahihi wa sehemu ya bilioni ya sekunde na chini ya hapo. Ujumbe umefichwa kwenye hizo nyakati.

Gharama ya wembamba

Sasa tugeuze sarafu. Mwale mwembamba lazima ulengwe, na huko mbali kulenga si mchezo.

Dunia inazunguka Jua kwa karibu kilomita 30 kila sekunde. Chombo kilicho kilomita milioni 225 kinaiona Dunia ilivyokuwa dakika 12 na nusu zilizopita, na mwanga kitakaoutuma utachukua dakika nyingine 12 na nusu. Kwa jumla ya dakika 25, Dunia imesogea kama kilomita 45,000, zaidi ya mara tatu ya upana wake. Ukilenga unapoiona, umekosa. Lazima ulenge mahali ambapo haijafika bado. Redio yenye mwale wa kilomita milioni 2.5 haina habari na jambo hilo, inamulika Dunia na ujirani wake wote.

Ndiyo maana leza ya Psyche ilihitaji kuelekezwa kutoka chini. Kituo cha Table Mountain, California, kilirusha leza yenye nguvu kwenda juu kama alama. Chombo kiliitafuta alama hiyo, kikajishikiza nayo, ndipo kikarusha mwale wake kwenda Palomar, kilomita 130 hivi kusini ya hapo. Mtambo wenyewe ulikaa juu ya egemeo linalozuia mitikisiko ya chombo isiufikie. Mnyororo huo ni mrefu, na pete moja ikikatika hakuna data.

Ulinganishe na kilichotokea kwa Voyager 2. Tarehe 21 Julai 2023 ilitumiwa amri ambayo kwa bahati mbaya iliigeuza antena yake nyuzi 2 pembeni ya Dunia. Mawasiliano yakakatika, na chombo kiko karibu kilomita bilioni 20. Wahandisi wakatumia dishi kubwa la Canberra, Australia, kupiga ukelele wa redio wenye nguvu nyingi kuelekea kule, wakitarajia kwamba hata kwa kuchungulia pembeni chombo kitasikia. Kilisikia. Ilichukua saa 37 kujua kama amri imefika, na tarehe 4 Agosti Voyager 2 ilikuwa imerudi hewani. Kwa mwale wa leza wa aina ile ya Psyche, nyuzi 2 ni maelfu ya mara ya upana wa mwale. Ukelele usingekuwepo.

Mimi kesi hii peke yake inanitosha kuchagua. Chombo kinapopata hitilafu hujizima karibu kila kitu, huweza kukosa mwelekeo, na kinabaki kutegemea antena ndogo isiyohitaji kulengwa sana, inayotoa biti chache kwa sekunde. Biti hizo chache zinasema, "Nipo hai, tatizo langu ni hili." Redio inaweza kufanya hivyo. Leza ya kulenga, kwa umbile lake, haiwezi. Sisi wa huku tunaelewa: tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika, intaneti ya nchi nzima ilisota, na siku hizo hakuna aliyeulizia kasi. Watu walitaka ujumbe tu upite.

Mawingu, na swali la mahali

Wingu zito linazima leza. Huo ndio ukweli wake, na hakuna leza ya wati ngapi itakayoubadilisha kwa namna ya maana. Redio ya sentimita 3.6 hupita kwenye wingu, na mvua huipunguza kidogo tu. Masafa ya juu zaidi ya redio huumia zaidi kwenye mvua kubwa, lakini hayazimiki kama mwanga.

Hapa vijana waliniuliza lile swali nililolitarajia: je, kituo cha namna hii kingewezekana kwetu? Tulifanya kama zoezi la ramani, si mpango, na lilitufundisha kuliko maelezo yangu yote.

Kwa redio, pwani yetu haina ubaya. Kaskazini, pwani hii hii ya Bahari ya Hindi, Waitaliano wana kituo cha anga karibu na Malindi, Kenya, tangu miaka ya 1960. Setilaiti iitwayo Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa lao la San Marco lililo baharini tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, na antena za kituo bado zinafuatilia setilaiti. Unyevu na mawingu ya pwani havikuwazuia. Kinachoisumbua redio ni kelele za redio nyingine: minara ya simu, vituo vya utangazaji. Ndiyo maana vituo vitatu vya mtandao wa NASA wa anga la mbali, Goldstone California, Robledo karibu na Madrid na Tidbinbilla karibu na Canberra, vimewekwa mbali na miji, kwenye mabonde au uwanda uliozungukwa na vilima vinavyokinga kelele.

Kwa leza mambo yanageuka. Leza inataka juu, pakavu, pasipo mawingu wala vumbi. Vituo vilivyotumika viko Haleakala huko Hawaii, zaidi ya mita 3,000 juu ya bahari, Table Mountain, na Tenerife kwenye karibu mita 2,400. Mtwara mjini pako usawa wa bahari na hewa nzito ya chumvi. Mvua zetu za msimu huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili. Miezi mitano au sita ya mashaka kila mwaka, na chombo hakiwezi kuambiwa kisubiri korosho zianikwe.

Kijana mmoja wa Newala akatoa wazo lililonifurahisha. Akasema tuipeleke kwao, pale Shimo la Mungu, ambapo Uwanda wa Makonde unakatika ghafla na unaliona bonde la Ruvuma chini yako: leza ikae ukingoni, redio ishuke bondeni. Ndivyo hasa inavyokuwa. Teknolojia hizi mbili zinataka pande mbili tofauti za mteremko uleule. Uwanda ule bado ni mfupi kwa leza ya kweli, lakini kanuni ameishika. Na tuna faida moja ambayo Hispania haina. Tukiwa nyuzi 10 tu kusini mwa ikweta, sayari hupita juu sana angani kwetu, karibu na utosi, kwa hiyo mwanga wake hupenya hewa kidogo kuliko ule unaokuja kwa kulala karibu na upeo.

Dawa ya mawingu kwa leza ni kuwa na vituo vingi katika hali ya hewa tofauti, ili kimoja kikifunikwa kingine kiwe wazi. Inafanya kazi, lakini inaongeza bei, na hapo ule urahisi wa wati 4 unaanza kuliwa na gharama za huku chini.

Mambo madogo, kwa haraka

Uzito na umeme kwenye chombo: leza inashinda, na ushindi huo unakua kadiri mzigo unavyotakiwa kuwa mkubwa.

Vibali: masafa ya redio ni mali inayogawanywa kimataifa, na hapa kwetu TCRA ndiyo msimamizi. Ukitaka kurusha, unaomba. Mwanga wa leza haugawanywi hivyo, ila leza yenye nguvu inayoelekea juu inahitaji maelewano na watu wa usafiri wa anga ili isimpige rubani machoni.

Usiri: mwale mwembamba ni mgumu kudukuliwa. Kwa vyombo vya sayansi sioni kama hilo linabadili uamuzi.

Jua: kila baada ya miaka miwili hivi Mirihi inapita nyuma ya Jua na NASA husitisha amri kwa kama wiki mbili. Hapo redio na leza zote hupata taabu, na leza zaidi, maana darubini haipendi kutazama upande wa Jua.

Kwa nini wakubwa hawachagui moja

Psyche yenyewe haikuitegemea leza. Kazi zake za kila siku, amri zake na data za safari ya kwenda kwenye asteroidi yenye jina hilo hilo, zinapita kwenye redio. Leza ilikuwa jaribio lililopanda gari la mwenzake, na jaribio hilo lilifungwa Septemba 2025 baada ya kufanya kazi kwa kiwango kilichozidi matarajio.

Jambo lililonivutia kuliko rekodi ya umbali ni lile la Goldstone. Wahandisi walichukua antena ya redio ya mita 34, wakapachika ndani ya dishi lake vioo saba vya kukusanya mwanga. Ikawa antena moja inayopokea redio na leza kwa wakati mmoja. Mwishoni mwa Desemba 2023 ilipokea data ya leza ya Psyche kwa megabiti 15.63 kwa sekunde kutoka kilomita milioni 32. Ni chini ya Palomar, na sishangai, kwa kuwa vioo ni vidogo kuliko ile mita 5.1. Lakini dishi lipo tayari, mota za kuligeuza zipo, wafanyakazi wapo. Wingu likija, redio inaendelea. Ningekuwa mtunza hazina wa shirika la anga, fedha yangu ingeenda huko kabla ya kujenga darubini mpya.

Karibu na Dunia uchaguzi ni mwepesi zaidi. Ulaya ina setilaiti za kupokezana data kwa leza, ya kwanza ikarushwa Januari 2016, zinazopokea megabiti 1,800 kwa sekunde kutoka setilaiti nyingine zilizo umbali wa hadi kilomita 45,000. Kati ya setilaiti na setilaiti hakuna wingu, na kulenga kunawezekana. Hapo sioni sababu ya kung'ang'ania redio kwa mizigo mikubwa. Kipande cha mwisho cha kushuka ardhini kinafanywa kwa redio, ili mawingu yasihusike. Ni mgawanyo wa kazi wenye akili.

Na mradi wa klabu?

Narudi kwa vijana wangu na fedha yao ya mradi mmoja.

Mradi wa leza wa shuleni ni huu: kalamu ya leza nyekundu, sakiti ndogo inayofanya mwanga ufuate sauti ya simu, paneli ndogo ya sola upande wa pili, kikuza sauti na spika. Muziki unasafiri kwenye mwanga kutoka darasa moja hadi jingine. Unapendeza mno kwa mgeni: ukipitisha mkono, muziki unakatika, ukipuliza moshi, unadhoofika, meza ikitikiswa, umepoteza. Kila udhaifu niliousema hapo juu unaonekana kwa macho ndani ya dakika moja. Ukivuka uwanja wa mpira, mtajua wenyewe kulenga maana yake nini. Lakini mradi huo hautafika angani. Ni kielelezo.

Mradi wa redio ni kipokezi kidogo cha USB kinachochomekwa kwenye kompyuta, pamoja na antena ya fimbo mbili za aluminiamu, kila moja sentimita 53 hivi, zilizotanuliwa kwa pembe ya nyuzi 120. Kwa kifaa hicho mnaweza kupokea picha za hali ya hewa moja kwa moja kutoka setilaiti za Kirusi za Meteor-M kwenye masafa ya megahezi 137.9 zinapopita juu ya Mtwara, na siku nyingine mnaweza kukisikia Kituo cha Kimataifa cha Anga kwenye 145.800. Picha yenye mawingu ya Bahari ya Hindi, mliyoikamata wenyewe kwenye uwanja wa shule, ni kitu ambacho mradi wa leza hauwezi kuwapa. Kupokea ni kimya; hamrushi chochote.

Kama lengo ni kueleza kwa nini leza inatafutwa, jengeni ya leza, na mtaimaliza mapema na kwa fedha kidogo. Kama lengo ni kugusa anga kweli, jengeni ya redio na mkubali wiki za mwanzo za kelele tupu kwenye kioo cha kompyuta. Mimi nimependekeza redio. Kalamu ya leza na paneli ya sola tutazidaka kwenye chenji itakayobaki, na atakayeishika anaielekeza ukutani tu: si machoni mwa mwenzake, na kamwe si upande wa uwanja wa ndege.

Antena tunaifunga nyuma ya maktaba, mbali na ule mti wa mwembe, upande ulio wazi kaskazini na kusini, maana Meteor hupita kutoka ncha hadi ncha. Fimbo za aluminiamu zimeshapatikana, kipokezi kimeagizwa.